Ajabu na Bei Yake: Jinsi ya Kuipima Riwaya ya Fantasia

Riwaya ya fantasia, yaani ile inayosimama juu ya mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida, kama vile maiti kufufuka, nchi kuelea angani au binadamu kugeuka mnyama, hupimwa na wasomaji wengi kwa ukubwa wa maajabu yaliyomo, na kipimo hicho ndicho kinachozaa hukumu nyingi potofu. Kubuni ajabu si kazi kubwa, kwani mtoto yeyote aliyelelewa kwa ngano za mazimwi huziongezea za kwake bila kufundishwa. Msomaji mzoefu hutafuta mambo mawili magumu zaidi: sheria inayoitawala ajabu hiyo, na bei ambayo mhusika anailipa kwa kukutana nayo.

Mfano bora wa mambo hayo mawili katika Kiswahili bado ni *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ambamo Adili huwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku kwa amri ya jini, naye anajua fika kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu waliomdhulumu. Sheria yenyewe ni fupi, haina mwanya, na haibadilishwi ili kumrahisishia mwandishi kazi. Kinachomshika msomaji si manyani, bali ni mkono unaoushika mjeledi huku moyo wa mwenye mkono huo ukiwa na huruma, na hapo ndipo mhusika anapozaliwa, kwa kuwa mtu hujulikana anapolazimika kutenda lile asilolitaka.

Hata hivyo Shaaban Robert huyohuyo ndiye aliyewaachia waandishi wengi mtego wa majazi, yaani mbinu ya kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake. Katika *Kusadikika* (1951), nchi iliyo angani, Karama hushtakiwa na Majivuno, na msomaji hahitaji kuambiwa mengi zaidi. Wahusika wa aina hii huitwa bapa, kwa maana kwamba wana upande mmoja tu na hawabadiliki, na katika istiara, ambamo kisa kizima husimama badala ya jambo jingine, ubapa wao si dosari. Dosari huja pale mwandishi wa leo anapoazima majina hayo bila kuazima istiara yenyewe, akadhani kwamba kumwita mtu Hila kumemtosha kuwa mtu. Said Ahmed Mohamed alipita njia nyingine katika *Babu Alipofufuka* (2001), ambapo mkubwa wa serikali ana herufi tu kwa jina, K, na babu yake aliyekwisha kufa anamjia na kumzungusha katika yale ambayo K amezoea kutoyatazama. Kwa kuwa K alikuwa na starehe na woga wake kabla ya mzimu kutokea, safari hiyo ina kitu cha kumnyang'anya. Kwa kulinganisha, *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995) ina wazo la kijasiri, la Dzombo, mtu aliyehukumiwa kuangamizwa kwa kurushwa angani kisha akatua katika jamii iliyo bora kuliko yake, lakini akishafika huko hugeuka kwa sehemu kubwa kuwa mgeni anayeonyeshwa na kuelezwa, na uzuri wa Walenisi haumgharimu kiasi cha kutosha.

Mbali na mhusika, kipimo cha mandhari kinahitaji ukali wa pekee kwa mwandishi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, kwa sababu ardhi yenyewe imejaa visasili, yaani masimulizi yanayoeleza chanzo cha mambo. Menengai ni kaldera, shimo linalobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka, lenye upana wa takriban kilomita 12, na husimuliwa kwamba mashujaa wa Ilaikipiak walioshindwa na Wamaasai wenzao katika karne ya 19 walitupwa humo, na kwamba mvuke unaofuka ni roho zao zikitafuta njia ya kutoka. Mvuke huohuo ndio ambao kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ilianza kuuchimbia visima mwaka 2011. Mwandishi dhaifu huchagua upande mmoja na kuufuta mwingine. Aliye hodari hujiuliza roho inafanya nini inapokutana na bomba la chuma, na ni nani miongoni mwa wachimbaji atakayeisikia, akiwa na karo ya watoto ya kulipa na kazi asiyoweza kuiacha.

Ziwa Bogoria linadai zaidi. Waendorois, waliohamishwa kutoka kando ya ziwa hilo mwaka 1973 ili kupisha hifadhi ya wanyama, huamini kwamba roho za wafu wao huishi ziwani, na madai yao ya ardhi yalikubaliwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Imani ambayo watu wameifikisha mbele ya tume si pambo la kuokotwa, na riwaya inayoyajaza maji hayo majoka ya kuazima kutoka filamu za ng'ambo huonyesha kwamba mwandishi wake hakuwahi kuuliza ni nani tayari anaishi humo.

Lugha ya mazungumzo hufichua haraka kama mwandishi amemsikia mhusika wake au amemvumbua tu: shujaa wa Ilaikipiak anayezungumza kama msomaji wa taarifa ya habari ameshakufa mara ya pili. Si lazima asemeshwe Kiswahili cha kale, lakini sharti kuwe na mambo ambayo hayajui, na maneno ambayo kijana wa mtaani Nakuru anayatamka yeye asiyaelewe.

Mhariri mwenye haraka anaweza kuanza na sura ya mwisho. Mhusika akizinduka na kubaini kwamba yote yalikuwa ndoto, basi bei yote aliyoilipa imerudishwa, na mswada wa namna hiyo unastahili kurejeshwa kwa mwandishi kwa sababu ya sura hiyo moja, hata kama nyingine zote zimeandikwa kwa ustadi.