Jinsi Injini Isiyo na Tabo Ilivyofungiwa Mota

Katika Majimoto, upande huu wa Mpimbwe ambako chemchemi hufuka mvuke na mashamba ya mpunga hufika hata kwenye viunga vya mji, yupo fundi mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, na siku moja ya kiangazi nilimkuta amevua hedi ya injini ya Probox moja iliyochakaa kwa safari za Mpanda, ameilaza kifudifudi kisha akaigeuza juu ya gunia tupu, vali zake kumi na sita zikitazama mbinguni. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi isipokuwa zile za silinda ya pili na ya tatu, ambazo maji yaliyopenya kwenye gasketi yalikuwa yamezisafisha zikang'aa mithili ya sahani za harusi. Mkanda ulikatika njiani, pampu ya maji ikasimama, dereva akaendelea na safari. Hayo ni ya kawaida. Nililotaka kujua mimi lilikuwa jambo jingine, kwa kuwa injini ile, 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,496, ile ile iliyojaza IST barabara za nchi hii, ina ndugu yake ndani ya Toyota Aqua ya haibridi; nami nikamwuliza fundi ndugu hao wametofautiana nini. Alijibu pasipo kuinua kichwa: "Ni hii hii, mzee, ila ile imepunguzwa nguvu kusudi."

Neno "kusudi" lilinikaa moyoni, maana aghalabu sisi wasafiri hudhani kwamba gari la haibridi ni gari la kawaida lililoongezewa mota na betri, kama vile mtu aliyevaa koti juu ya kanzu, ilhali kazi yenyewe ilianzia ndani kabisa, kwenye nundu za kamshafti zifunguazo vali.

Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe: pistoni ishukapo huacha nafasi, na uzito wa hewa iliyotuzunguka, pasipo kusukumwa na kitu kingine chochote, huijaza nafasi hiyo. Kiasi cha petroli kiwezacho kuungua, na kwa hiyo nguvu yote itakayopatikana, hupimwa kwa hewa iliyoingia. Sasa fundi mkuu wa kiwandani, akitaka injini ndogo iwe hodari katika mizunguko mingi, sharti aziache vali za kuingizia hewa wazi kwa muda mrefu. Na akifanya hivyo, injini izungukapo taratibu sehemu ya hewa hurudi ilikotoka, gari likawa zito kuondoka. Hiyo ndiyo dhiki ya zamani ya magari madogo ya mbio: hukimbia yakishachangamka, walakini kwenye kuondoka huomba radhi. Huku kwetu kuna dhiki ya pili. Hewa ya Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, imepungukiwa takriban sehemu ya sita ya uzito wa hewa ya Dar es Salaam, na injini ivutayo kwa pumzi yake hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo.

Mota ya umeme haina mapafu. Haijali mwinuko, na nguvu yake ya kuzungusha huwa kubwa kabisa pale pale inapoanza, mahali ambapo pistoni ni dhaifu. Basi wahandisi waliokabiliwa na viumbe hawa wawili walikuwa na hiari mbili: ama waiache injini ilivyo na mota iwe msaidizi, ama wathubutu kuigusa injini yenyewe, waiumbe upya wakijua kwamba udhaifu wake una mlipaji.

Toyota, walioanza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, walishika njia ya pili. Injini waliyoiita 1NZ-FXE ina silinda za kipenyo kile kile cha milimita 75 na mwendo wa pistoni ule ule wa milimita 84.7, lakini vali ya kuingizia hewa huchelewa kufungwa: pistoni huwa imekwisha kuanza kupanda, nayo hurudisha nyuma sehemu ya mchanganyiko uliokwisha kuingia. Kwa akili ya kwanza huo ni upotevu. Hekima yake ni kwamba mkandamizo halisi hupungua, petroli isigonge, huku mwendo wa pistoni kushuka baada ya mwako ukibaki mrefu. Na katika Aqua, iliyotoka Desemba 2011, uwiano wa ujazo umefikishwa 13.4 kwa 1, dhidi ya 10.5 ya Probox. Gesi iliyoungua husukuma kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachiliwa, na joto ambalo lingepotea kwenye ekzosi, kama lipoteavyo joto la chemchemi zetu pasipo kumchemshia mtu hata chai, hugeuka kazi. James Atkinson, Mwingereza wa karne ya 19, aliyatafuta matokeo hayo kwa vyuma vingi vya kuungana. Siku hizi hupatikana kwa umbo la nundu moja tu. Bei yake ni hii: injini ya Aqua hiyo hutoa nguvu za farasi 74, ilhali ndugu yake wa kwenye gunia hutoa karibu 110. Mota huleta 61, lakini jumla iliyoandikwa na watengenezaji ni 100 na wala si 135, kwa sababu betri haina uwezo wa kuilisha mota kwa ukomo wake injini ikiwa nayo kwenye ukomo.

Hiyo ni injini ya mtu mwenye kubana matumizi. Waliothubutu kuunda haibridi isiyo na tabo kwa ajili ya raha ya kuendesha walikuwa Honda, na gari lao lilikuwa CR-Z, lililoanza kuuzwa Japani Februari 2010, dogo, fupi kwa nyuma, uzito wake kama kilo 1,130, na la kwanza katika jinsi yake kupewa gia sita za mkono. Ndani yake walitia injini ya lita 1.5, jamaa ya ile ya Honda Fit, na kati ya injini na klachi, mahali pa flaiwili, wakapachika mota nyembamba mfano wa sahani, yenye nguvu ya kilowati 10. Kwa kuwa mota ile imeshikamana na krankshafti, ndiyo iwashayo injini, ndiyo isukumayo, na gari likipunguza mwendo ndiyo igeukayo jenereta kuijaza betri. Ubaya wake ni kwamba haiwezi kulisukuma gari pasipo kuiburura injini nzima pamoja nayo.

Tazama hesabu zao, maana humo ndimo ufundi ulimojificha. Injini peke yake: farasi 114 katika mizunguko 6,000 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha niutoni-mita 145 katika mizunguko 4,800. Mota: farasi 14, niutoni-mita 78. Mtoto wa shule angejumlisha akapata 128 na 223. Jumla ya kweli ni 124 na 174. Tofauti hiyo si udanganyifu, kwani kilele cha mota kiko chini kabisa na kilele cha injini kiko juu, na havikutani. Kilichopatikana ni kwamba zile niutoni-mita 174 huanza kwenye mizunguko 1,000 tu, pale ambapo injini ndogo ya kawaida hata haijaamka. Kwa upande wa hewa, vali za kuingizia ni mbili kwa kila silinda, na katika mizunguko michache moja hubaki karibu imefungwa ili hewa iingie kwa kuzunguka na kuchanganyika vyema na petroli. Injini ikikaza mwendo, zote mbili hufunguka.

Naam, mimi siwasifu kwa yote. Uwiano wa ujazo waliuacha 10.4, kama wa gari lolote la sokoni, na kamshafti hawakuipa ushupavu ambao hasara yake mota ingeifidia. Kwa hiyo walimchukua mlipaji wa udhaifu kisha wakakataa kuwa dhaifu, wakabaki katikati. Tena betri. Ile ya kwanza ilikuwa ya nikeli, volti 100.8, na akiba yake yote ilizidi kidogo tu nusu ya uniti moja ya LUKU, yaani kilowati-saa moja. Tulitie gari hilo katika njia yetu: litoke Majimoto, lipite Kibaoni, lipande Lyambalyamfipa kwenda Ufipa. Tuseme gari na abiria wake ni kilo 1,300, na kimo cha kupanda ni mita 800. Kuuinua uzito huo peke yake, achilia mbali upepo na msuguano wa matairi, kwataka karibu uniti tatu, yaani betri nzima mara tano. Na kwa mota ya kilowati 10 betri hiyo haimalizi dakika nne. Kona za kwanza zingekuwa karamu. Baada ya hapo ingebaki lita moja na nusu, ikihema katika hewa inayopungua uzito kila kona. Mwaka 2012 walibadilisha, wakaleta betri ya lithiamu ya volti 144 na mota ya kilowati 15, pamoja na kitufe kwenye usukani cha kuomba msukumo wote wa umeme kwa mara moja. Hesabu ya mlima haikubadilika sana.

Kwa nini basi wasitie tabo, ambayo ingeisukumia injini hewa hata Sumbawanga? Tabo ingeleta joto, mabomba, uzito wa mbele, na ule muda wa kungoja kabla ya kuitikia, ambao mota ndiyo iliyoletwa kuuondoa. Wawili wangelipwa kwa kazi moja.

Swali la kuiunga injini na mota Kampala ililijibu kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere, kilichokwisha kuonyesha mwaka 2011 gari la umeme la viti viwili, Kiira EV, kilitoa mwaka 2014 Kiira EV SMACK ya viti vitano, ambayo injini yake ya petroli huzungusha jenereta tu, magurudumu yakisukumwa na mota. Injini ya namna hiyo haiulizwi habari za kuondoka. Nami naona Honda wenyewe wamesogea huko huko: Civic yao ya haibridi ya siku hizi, yenye injini ya lita mbili isiyo na tabo na vali za kuchelewa kama za Toyota, aghalabu huiachia mota magurudumu, na jumla yake ni farasi 200 na niutoni-mita 315.

Nilimweleza fundi hayo huku nikichora namba mavumbini kwa kijiti. Alisikiliza kwa adabu, akauliza swali moja tu: hiyo Aqua pampu yake ya maji inazungushwa na nini? Nikamwambia ni umeme, haina mkanda. Akaiweka rula ya chuma juu ya hedi, akainama mpaka shavu likakaribia gunia, akatazama mwanga mwembamba uliopita chini ya rula kati ya silinda ya pili na ya tatu, akasema hedi itakwenda Mpanda kusawazishwa, na mwenye gari aambiwe alete mkanda mpya.