Mtazamo Chanya na Kalamu Nyekundu

Ni nadra siku hizi kuhudhuria semina ya walimu wa Kiswahili ikamalizika bila mtu kusimama na kusema: "Ndugu walimu, tubadili mtazamo." Kauli hiyo hupigiwa makofi, kisha watu hutawanyika kwenda kula. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote: inasema nini, inamsema nani, na inaacha nini nje. Uwanja tuliouchagua ni wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia Kitswamba upande wa kaskazini hadi Bwera mpakani na Kongo. Huko mwalimu wa Kiswahili huambiwa awe na moyo wa kazi na fikra chanya, hata pale darasa zima linapogawana kitabu kimoja.

Tuanze na maneno yenyewe. Chanya na hasi ni maneno ambayo wengi wetu tulikutana nayo kwanza katika hesabu na katika somo la umeme. Yalipohamishiwa kwenye tabia za watu yalikuja na kasoro moja: yanamgawa binadamu kama betri, upande huu na upande ule. Kiswahili hakikuwa na njaa ya maneno hapa. Tulikuwa na kujipa moyo, kupiga moyo konde, kuvuta subira, kutokata tamaa. Msomaji atazame vizuri: hayo yote ni vitenzi. Yana mtenda, na mtenda ana jambo la kufanya. "Mtazamo chanya" ni nomino. Mtu anao au hana, na asiyekuwa nao hulaumiwa kama mtu aliyesahau mwavuli nyumbani.

Mafundisho ya namna hii yana historia ndefu. Norman Vincent Peale wa Marekani alitoa kitabu chake kuhusu nguvu ya fikra chanya mwaka 1952, na kikauzwa mno. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Carol Dweck akaja na hoja iliyo makini zaidi: mwanafunzi anayeamini kuwa akili hukua kwa juhudi hujifunza vema kuliko anayeamini kuwa akili ni kipawa kisichobadilika. Hoja hiyo ilipopimwa nchini Marekani kwa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa, na matokeo yakatolewa mwaka 2019 katika jarida la Nature, ilionekana kuwa somo fupi lisilofika saa moja liliwainua waliokuwa nyuma kwa takriban pointi 0.1 katika wastani wa alama zao. Si haba, lakini si muujiza. Tena matokeo yalikuwa mazuri zaidi katika shule ambazo desturi za wanafunzi wenyewe ziliafikiana na ujumbe ule. Kwa maneno mengine, mbegu ilihitaji udongo. Jambo hili la pili halitajwi kwenye semina zetu.

Fasihi yetu nayo ilikwisha kulifikiria jambo hili. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani kwa kosa la kuanzisha elimu ya uanasheria, na mshitaki wake ni Majivuno. Karama hamsihi mfalme ayatazame mambo kwa jicho jema. Anawasimulia wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa nje kutafuta manufaa ya nchi na kurudi wakaadhibiwa. Tumaini lake linasimama juu ya ushahidi. Tunazo lawama zetu kwa mwandishi: majina ya wahusika yanafichua mapema nani mwema na nani mbaya, na ushindi wa mwisho unakuja kwa wepesi ambao mahakama za dunia hii hazijauzoea. Hata hivyo kisa kinatupa kipimo kizuri. Anayetaka watu wabadili mtazamo awaonyeshe kwanza kitu cha kutazama.

Sasa tuipeleke kauli yetu Uganda, kwa kuwa huko ndiko inakotumiwa zaidi. "Tatizo la Kiswahili Uganda ni mtazamo hasi wa Waganda." Tumeisikia sentensi hii kwenye makongamano, na wanafunzi wetu huiandika kwenye tasnifu bila kuitilia shaka. Lakini Waganda gani? Neno letu wenyewe linatudanganya, maana katika Kiswahili Mganda ni raia wa Uganda na pia ni mtu wa Buganda. Gavana Gowers alipopendekeza Kiswahili mwaka 1927, upinzani mkubwa ulitoka Buganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliuweka katika waraka. Hofu yake ilikuwa ya nafasi ya Luganda na ya ufalme wake, hofu yenye sababu zake. Baadaye, Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lugha ikashikamana na bunduki za kambini, na msemo kwamba ni lugha ya askari na wezi ukapata nguvu. Hiyo ndiyo historia inayofupishwa kwa maneno mawili, "mtazamo hasi", kisha akabebeshwa Mkonzo wa Bwera ambaye hakuwapo Mengo wala kambini.

Huko Bwera hali ni nyingine. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na ukiendelea mbele unafika Beni na Butembo, kwa Wanande ambao ni ndugu wa Wakonzo kwa damu na kwa lugha. Soko la Mpondwe hukutanisha wanunuzi na wauzaji wa pande zote mbili, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazofanya biashara hiyo iende. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mwaka uleule ambao baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kifundishwe kwa lazima, maofisa wamekuwa wakilisifu jambo hili kama habari mpya. Kwa mama muuza maharagwe wa Mpondwe si habari mpya hata kidogo. Kumwambia abadili mtazamo kuhusu Kiswahili ni kumfundisha samaki kuogelea.

Mtazamo unaohitaji kubadilika, kwa maoni yetu, ni wa mwenye kalamu nyekundu. Tuchukulie mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Kitswamba, ambaye kwa mtaala mpya wa mwaka 2020 hana hiari, Kiswahili ni lazima kwake. Anaandika: "Batu bengi banaenda soko." Mwalimu anapiga mistari minne, anaandika 0, anashusha pumzi na kufungua daftari linalofuata. Jioni amechoka na amekwisha kuamini kwamba watoto hawa hawawezi.

Tuisome sentensi hiyo upya, kwa jicho la kiisimu. Kwa Lhukonzo mtu ni omundu na watu ni abandu. Mwana ni omwana na wana ni abana. Katika Kiswahili kinachosemwa sehemu nyingi za mashariki mwa Kongo, watu ni batu na watoto ni batoto. Basi mwanafunzi huyu ana mashahidi wawili wanaomwambia ba-, nyumbani na sokoni, na shahidi mmoja tu anayemwambia wa-, naye ni mwalimu. Zaidi ya hayo, tazama alivyopatanisha: ba-tu, b-engi, ba-naenda. Upatanisho wa kisarufi ni kamili! Jambo linalowatoa jasho wanafunzi wa kigeni katika vyuo vyetu kwa muhula mzima, mtoto wa Kitswamba amekuja nalo kutoka nyumbani. Mistari mitatu kati ya ile minne ni kosa moja lililorudiwa. Mstari wa nne, soko badala ya sokoni, ndio wenye somo jipya.

S. Pit Corder alilisema jambo hili mwaka 1967: makosa ya mwanagenzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga kichwani. Tunalifundisha katika kozi ya isimu tumizi, tunalitungia mtihani, kisha wahitimu wetu wanakwenda shuleni na kusahihisha kana kwamba hawakulisikia. Kosa haliko kwao peke yao. Sisi tunaowafundisha hatukuwaonyesha linavyofanyika mbele ya rundo la madaftari.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Madaftari 60 kwa dakika 4 kila moja ni saa 4. Mwalimu akiamua kwamba wiki hii anatazama -ni ya mahali tu, na kwamba ba- na wa- atazishughulikia ubaoni mara moja kwa darasa zima, akiweka abandu, batu na watu kwenye mstari mmoja, dakika 4 zinaweza kushuka hadi 1. Saa 3 zinarudi mkononi mwake. Akipenda azitumie kutunga zoezi, akipenda alale. Mwanafunzi naye anarudishiwa daftari lenye alama moja nyekundu anayoweza kuielewa. Hapa ndipo tunapokubali neno "mtazamo": limegeuka kitenzi, lina mtenda, na linafanyika Jumatatu.

Wapo watakaosema tunawafariji walimu kwa vitu vidogo wakati vikubwa havipo. Wana haki. Mwalimu asiyelipwa kwa wakati haponywi kwa jicho jipya, anahitaji mshahara. Na darasa lisilo na vitabu linahitaji vitabu. Kauli ya "tubadili mtazamo" inapotoka kinywani mwa mwenye jukumu la kuvinunua, iulizwe maswali. Inapotoka kwa mwalimu mwenyewe, akijisemea mbele ya daftari la thelathini na tano, ni maneno mengine kabisa, ingawa herufi ni zilezile.

Limebaki suala moja ambalo hatukulitatua. Mtihani wa taifa utamtaka mtoto huyu aandike watu, na msahihishaji wa mbali hatajua habari za Kasindi wala za omundu. Je, ba- inayopatana vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho wa insha ihesabiwe kosa moja, au ihesabiwe kila inapotokea? Tunawaomba wenzetu wanaofundisha kozi ya upimaji watuandikie kwa toleo lijalo, na wakiweza waambatanishe insha mbili tatu walizosahihisha kwa njia zote mbili ili tuone tofauti ya alama.