Goti Limepona, Woga Bado

Mchezaji akiumia goti kwenye viwanja vyetu vya Khayega, mara nyingi hukandwa kwa maji ya moto, kisha huambiwa alale. Uvimbe ukiisha, anarudishiwa jezi. Naliona kosa hapo: tumelitazama goti, mwenye goti hatukumtazama.

Hospitalini nako kulikuwa hivyo. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya goti alifungwa plasta wiki kadhaa, na paja likasinyaa. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alieneza kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Mwaka 1990 watafiti Shelbourne na Nitz walionyesha manufaa ya kunyoosha goti na kuukanyagia mguu mapema.

Mwili ukapata dawa, woga ukabaki. Uchambuzi wa mwaka 2014 ulikuta kuwa baada ya upasuaji wa kano ya goti asilimia 81 hurudi michezoni, ila 55 tu ndio hurudi kwenye mashindano. Kate Webster na wenzake wa Australia walikuwa wameshatunga maswali 12 mwaka 2008: je, unaogopa kuumia tena? Unaliamini goti lako? Majibu hupewa alama, nao woga ukapimika kama msuli. Woga hufanyiwa mazoezi pia, ngazi kwa ngazi: kukimbia moja kwa moja, kukata kona, kuruka na kutua kwa mguu mmoja, kugombea mpira na mwenzako taratibu, ndipo mechi. Anayetetemeka kwenye ngazi moja hapandi nyingine. Na asiharakishwe: utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa tisa baada ya upasuaji, hupunguza hatari ya kuumia tena kwa takribani nusu.

Mkumbukeni mkimbiaji wetu wa mita 800, David Rudisha. Aliumia goti Mei 2013, akayakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Aliporudi mashindanoni huko Eugene, Marekani, mwaka 2014 alimaliza wa saba. Wangapi wangemkatia tamaa siku ile! Agosti 2015 alitwaa dhahabu Beijing, na mwaka uliofuata Rio.

Walimu wa michezo wa Khayega, kuuliza hakuhitaji mashine wala umeme. Kijana akirudi baada ya kuumia, kaeni naye kando ya uwanja mumuulize anaogopa nini, kabla ya kumpa jezi.