Kadi za Heri na Adabu ya Salamu

Wahenga walinena kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Neno hilo lina sifa na lina sharti pia. Waraka hauwi nusu ya kuonana ila mwandishi awe amemwona kwa moyo yule anayemwandikia. Kwa kipimo hicho twataka kuichunguza kadi ya heri, ile itumwayo kwa jamaa, wakubwa wa kazi na marafiki wakati wa Krismasi, Mwaka Mpya na Idi.

Yafaa kwanza tukumbuke salamu ilivyo kwetu. Mtu wa Mazingara akutanapo na mzee wake katika njia ya Handeni au Korogwe hawezi kumpita kwa neno moja la haraka akahesabiwa kuwa ana adabu. Ataamkia, ataulizwa habari za nyumbani, za mgonjwa, za shamba na za watoto walio mbali. Naye atauliza za upande wa pili. Kila swali linamtaja mtu. Salamu yetu si mlango wa mazungumzo tu. Mara nyingi ndiyo mazungumzo yenyewe.

Kadi ilizaliwa katika hali nyingine. Mwaka 1843, katika mji wa London, Henry Cole alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi, ikachapishwa na kuuzwa. Miaka 3 tu kabla yake, mwaka 1840, Uingereza ilikuwa imeanzisha posta ya peni moja, hata kupeleka barua kukawa rahisi na barua za kujibiwa zikawa nyingi. Kadi ikaja kumpunguzia mtu kazi ya kuandika. Hatusemi hayo kwa kuidharau. Twasema ili ijulikane kwamba upungufu wake ni wa kuzaliwa nao.

Katika mkoa wa Tanga watu walikuwa na desturi yao ya maandishi. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakakusanya vibarua kutoka Kigoma, Songea, Mbeya, na hata Msumbiji na Burundi. Kwa watu hao barua ilikuwa kamba iliyowafunga na kwao. Salamu zilichukua nusu ya karatasi au zaidi: msalimie mama, msalimie shangazi, msalimie fulani wa nyumba ya tatu. Wasomi wamezoea kuicheka barua ya namna hiyo kuwa haina habari. Twaona wamekosea. Orodha ile ndiyo habari yenyewe. Barua ilipofika, mwenye kujua kusoma aliisoma kwa sauti, na kila aliyetajwa alipata fungu lake. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua hizo za tangu 1931 hadi 1958 zilitolewa kitabuni mwaka 2002. Humo twamkuta mwandishi mkuu akizungumza na mtu mmoja, wala si na umma.

Redio nayo ilizaa kadi yake. Wasikilizaji walinunua kadi za salamu, wakajaza majina yao na ya wale wanaowasalimu, wakazipeleka Radio Tanzania Dar es Salaam zisomwe hewani. Na katika kipindi cha Ugua Pole wagonjwa waliolala hospitali walitakiwa nafuu. Kadi hiyo ilikuwa na hila yake, maana wako waliotafuta kusikika majina yao wenyewe kuliko kumsalimu mtu. Hata hivyo ilihifadhi jambo kubwa: ilitaja, na jirani akasikia kwamba fulani hakusahauliwa.

Sasa tuitazame kadi iliyochapwa kama tunavyolitazama andiko lolote. Ndani yake twasoma: "Nakutakia heri ya Krismasi na fanaka ya Mwaka Mpya." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la ndani zaidi. Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtenda na mtendewa pamoja. Katika "nakutakia" yumo anayetaka na yumo anayetakiwa. Lakini mpiga chapa amekwisha kuzijaza nafasi zote mbili kabla ya watu wenyewe kupatikana. Tena maneno yale yale huenda kwa mama mzazi, kwa mkuu wa idara, kwa shemeji na kwa mteja. Lugha iliyotupa "shikamoo" kwa mkubwa na "hujambo" kwa mwenzetu imelazimishwa kuwasalimu wote kwa sauti moja. Katika ofisi hali huwa mbaya zaidi, pale kadi zinapopigwa muhuri wa sahihi ya mtu ambaye hata hakuziona.

Wako wanaodhani dawa ni kubadili picha: tuondoe theluji, tuweke twiga. Ni kweli kwamba mtindo alioanzisha Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, umepamba kadi nyingi nzuri, nasi twazifurahia. Lakini twiga, hata achorwe vizuri namna gani, hajui jina la mama yako.

Tuseme basi kuna mama mzee huko Mazingara, asiyejua kusoma, mwenye mwana Dar es Salaam. Kadi yaja, yenye maua na dhahabu. Mjukuu aisoma, nayo yaisha kwa pumzi moja. Mama auliza, "Amesema nini tena?" Mjukuu hana la kujibu. Swali hilo ndilo uhakiki mkubwa kuliko huu wetu. Mama hakukataa kadi. Alimtafuta mwanawe ndani yake asimwone. Leo simu ya mkononi humletea mjukuu huyo huyo ujumbe uliopitishwa kwa watu mia, na swali la mama halijapata jibu. Na neno lenyewe "kadi" limekwisha kuanza kuwatia watu hofu, kwa kuwa mara nyingi huja na mchango wa harusi.

Huenda tukaambiwa kwamba kadi tupu ni afadhali kuliko kimya, na kwamba mwenye wenzake wengi hawezi kumwandikia kila mtu. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana kimya huumiza. Lakini haituondolei wajibu. Mstari mmoja wa mkono wa mtu mwenyewe watosha: je, mguu umepona? Mahindi ya msimu huu yamekuwaje? Yule mdogo ameanza shule? Asiyeweza kuuliza hata swali moja la namna hiyo, basi ajiulize kama amjua amsalimuye.

Hatuna budi, kwa hiyo, kuwafundisha vijana wetu shuleni kuandika salamu kama tunavyowafundisha insha, wajue kumwamkia mkubwa kwa maandishi na kumtaja mtu kwa hali yake. Kadi na inunuliwe, na simu itumike. Lakini pawepo ndani yake neno moja ambalo haliwezi kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo mjukuu atakapopata la kumjibu bibi yake.