Jicho la Mchora Uwanja

Bingwa wa gofu akistaafu, mara nyingi huitwa kuchora viwanja, na watu hulichukua kombe lake kama cheti cha kazi hiyo. Mimi humpima kwa jambo lingine: amemfikiriaje mchezaji asiyeweza? Mpira humtii bingwa, lakini wengi watakaolipa kuingia uwanjani mwake haujawahi kuwatii.

Uwanja wa Augusta, Marekani, ulichorwa na watu wawili: Alister MacKenzie, daktari ambaye hakuwa mchezaji wa kutisha, na Bobby Jones, aliyetwaa mataji yote manne makubwa ya wakati wake mwaka 1930 akiwa wa ridhaa. Ujenzi ukiendelea, Jones alisimama kwenye udongo mbichi akipiga mpira baada ya mpira, ili waone unatua wapi na unabiringikia wapi. Hapo ubingwa ulifanya kazi yake halali. Daktari naye alitaka njia pana na mitego michache ya mchanga, dhaifu apate pa kupita huku hodari akitafuta upande wenye faida. Alifariki Januari 1934, miezi miwili tu kabla ya mashindano ya kwanza ya Masters uwanjani hapo.

Huku kwetu yupo David Jones wa Ireland Kaskazini, bingwa wa Kenya Open 1989. Ndiye aliyechora Baobab pale Vipingo, Kilifi, kwenye mwinuko unaotazama Bahari ya Hindi, na pia uwanja wa Kilimanjaro karibu na Usa River, Arusha. Mwaka 2019 wanawake wa kulipwa walishindana Vipingo, nyasi zilezile anazokanyaga mgeni wa mapumziko. Kuwatosha wote wawili ni ufundi mkubwa, nami nauheshimu kuliko kombe lake.

Hapa Ndalambo, wilayani Momba, hakuna anayechora viwanja vya gofu, ila kusoma ardhi kupo. Tazama njia ya ng'ombe inayopanda kutoka mtoni: inajipinda, inakwepa mteremko mkali, haikai pale maji ya mvua yatakapochimba korongo. Mchora uwanja wa kweli huanzia hapo. Hujua maji yatapita wapi, upepo wa alasiri unatoka wapi, na mzee wa miaka sabini atapigia wapi bila kuaibika.

Bingwa yeyote atakayepewa mkataba Tanzania, ningeomba aje kwanza wakati wa masika, atembee eneo zima na mchungaji anayelijua, fimbo zake zikibaki garini.