Subiri Neno la Mwisho

Video nzuri ya kufundishia Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo, ni fupi, dakika chache tu, lakini imebeba kazi kubwa. Tunazotumia hapa Misungwi ni za Deutsche Welle, mfululizo uitwao Nicos Weg. Kijana wa Kihispania anafika Ujerumani, anapoteza begi lake, na kuanzia hapo inambidi aulize, ajitaje jina, aeleze rangi, ataje saa na namba ya simu. Aliyeitunga hadithi hii alikuwa fundi. Mtu aliyepotelewa na begi anahitaji karibu sarufi yote ya mwanzo, na anaihitaji leo.

Shirika la Deutsche Welle si geni kwetu. Idhaa yake ya Kiswahili ipo hewani tangu 1963. Lakini redio haionyeshi mdomo. Ile ü ya Kijerumani hutamkwa kwa kusema i huku midomo imekaa kama ya u, na hakuna maelezo ya kitabuni yanayoshinda kumwona mtu akiifanya.

Mwalimu wetu hupakua video usiku kwa bando, asubuhi anakuja na kompyuta mpakato na spika ndogo. Mara ya kwanza anazima sauti kabisa. "Mmeona nini?" Tunasema: wanaagana, mmoja ameshika simu. Ndipo anarudisha sauti, na hapo ndipo ninapompenda zaidi, kwa jinsi anavyojua pa kusimamisha. Sentensi ni Ich rufe dich morgen an, yaani nitakupigia simu kesho. Anaisimamisha baada ya morgen na kugeuka. "Haya, bado nini?"

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tumezoea kupewa vyote mapema. Ukisikia nitakupigia, mwanzoni tu umeshajua ni nani, lini na nani anapigiwa. Mjerumani anakushikilia. Umefika morgen na hujui bado kama mtu ataita kwa sauti au atapiga simu; kijineno an cha mwisho ndicho kinachoamua. Sikio letu huwa limeshaondoka. Mwalimu analirudisha, mara tatu, mara nne, bila kuchoka wala kupandisha sauti, mpaka darasa zima linaitamka an kabla spika haijaitoa.

Vivyo hivyo kwa der na den. Samaki akiwa mtenda ni der Fisch. Ukimnunua anakuwa den Fisch. Ubaoni tuliinakili kanuni hiyo na ikabaki kwenye daftari. Ilianza kuingia tulipomwona mnunuzi kwenye video akinyoosha kidole, mwalimu akasimamisha picha kidole kikiwa bado hewani, akatutaka tuseme sisi. Kwa watu wanaonunua sato kila wiki, mfano huo hauhitaji ufafanuzi.

Uvumilivu wote huu una kazi maalumu. Katika mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, sehemu ya kusikiliza ni ya dakika 20 hivi, na yale matangazo ya stesheni na madukani yanasikika mara moja tu. Hakuna wa kukusimamishia. Kwa hiyo raundi ya mwisho mwalimu anaifunika skrini kwa kanga, anachezesha sauti peke yake mara moja, na kukusanya karatasi.