Mji Uliokosa Dampo: Jinsi Alappuzha Ilivyozimalizia Taka Jikoni

Mwaka 2012 mji wa Alappuzha, kwenye pwani ya jimbo la Kerala kusini mwa India, ulikosa mahali pa kutupa taka. Kwa miaka mingi magari ya manispaa yalikuwa yakizimwaga katika kijiji jirani cha Sarvodayapuram. Wanakijiji walivumilia harufu, nzi na maji machafu yaliyotiririka kutoka kwenye lundo. Walilalamika, wakaahidiwa, wakalalamika tena, na mwisho wakaifunga njia. Magari yakageuzwa yakiwa yamejaa. Muda si mrefu taka zikawa zinarundikana kwenye kona za barabara na kando ya mifereji ambayo ndiyo fahari ya mji huo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliitaja Alappuzha pamoja na Osaka, Ljubljana, Penang na Cajicá kuwa miji mitano ya kuigwa katika kushughulikia taka. Mji haukuwa umefungua dampo jipya wala kujenga tanuri kubwa la kuchomea. Kazi ilihamishwa tu: kilichokuwa kikifanyika mwisho wa safari ya gari kikaanza kufanyika uani na kwenye kona ya mtaa.

Safu hii inachambua namna walivyofanya, kwa sababu hali yao inafanana sana na yetu. Joto lao ni la pwani, mvua zao ni kubwa, samaki na nazi haviishi jikoni, na bajeti ya halmashauri haijawahi kutosha. Somo lao kuu ni moja: kinachooza kikitengwa na kumaliziwa karibu na kilipotoka, sehemu kubwa ya tatizo la taka huisha. Kikichanganywa na vingine, hakuna gari wala dampo litakalotosha.

Mabaki ya jikoni ndiyo kiini

Katika miji mingi ya ukanda wetu, zaidi ya nusu ya uzito wa taka za majumbani ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, makapi ya nazi, matumbo ya samaki, mchicha ulionyauka, wali uliochacha. Vitu hivyo vimejaa maji. Kwa hiyo halmashauri inayolipia dizeli ya kuvifikisha dampo inalipa, kwa sehemu kubwa, kusafirisha maji.

Vikifika huko madhara ni matatu. Kwanza, maji yanayochujika kutoka kwenye lundo hubeba uchafu hadi ardhini na mitoni. Pili, chakula kinachooza pasipo hewa hutoa methani, gesi inayowaka kwa urahisi na inayopasha joto anga kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo, zaidi ya mara 25 katika kipindi cha miaka 100. Tatu, lundo lililolowa halisimami imara. Kampala iliuona ukweli huo Agosti 2024, pale lundo la Kiteezi lilipoporomoka na kufukia nyumba na watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Kuna hasara ya nne ambayo haisemwi vya kutosha. Chupa ya plastiki, katoni na kopo vina bei. Wazoa taka wetu wanaijua vizuri, maana wanauza kwa kilo. Lakini katoni iliyolowa mchuzi hainunuliki, na chupa iliyokaa siku tatu ndani ya mfuko wa mabaki ya samaki inahitaji kuoshwa, kazi ambayo mnunuzi anaikata kwenye bei. Kwa hiyo kutenga mabaki ya jikoni kunafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kunapunguza uzito wa kubeba, na kunaipa thamani sehemu iliyobaki.

Alappuzha waliianza hesabu yao hapo. Kampeni waliyoiita Nirmala Bhavanam Nirmala Nagaram, yaani nyumba safi, mji safi, haikuanza na ununuzi wa magari. Ilianza katika kata 12 kati ya 52 za mji, kwa kuuliza swali moja nyumba kwa nyumba: hapa kwako, kinachooza kitamalizikia wapi?

Vifaa vitatu kwa nyumba za aina tatu

Jibu halikuwa moja kwa kila kaya, na hapo ndipo ufundi wa mpango ule unapoonekana. Familia yenye uwanja ina uwezo ambao familia iliyopanga chumba haina. Kwa hiyo viliandaliwa vifaa vya aina tatu, na gharama ya vile vya nyumbani ikabebwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma, kaya ikichangia kilichobaki.

Cha kwanza ni mtambo mdogo wa gesi. Ni tangi lililofungwa, ambalo kwa kaya ya kawaida huwa na ujazo wa takribani mita moja ya ujazo. Linaanzishwa kwa kinyesi cha ng'ombe ili kupata vijidudu vinavyohitajika, kisha linalishwa kilo chache za mabaki kila siku pamoja na maji. Gesi inayopatikana inatosha kupikia saa moja au mbili, na maji yanayotoka ni mbolea. Mtambo huu unamfaa mwenye nafasi na mwenye mabaki ya uhakika kila siku. Ukinyimwa chakula wiki nzima, au ukishindiliwa maganda ya ndimu kupita kiasi, vijidudu hufa na gesi hukoma.

Cha pili ni bomba la mboji, kifaa rahisi kuliko vyote. Mabomba mawili mapana ya plastiki husimamishwa uani, miguu yake ikiwa imezama kidogo ardhini na midomo ikiwa na vifuniko. Kaya hujaza la kwanza kwa wiki kadhaa, hulifunga na kuhamia la pili. La pili linapokaribia kujaa, la kwanza linakuwa tayari kufunguliwa. Hakuna umeme wala fundi. Kinachotakiwa ni kukumbuka kutia mkono mmoja wa majani makavu au udongo juu ya mabaki mabichi.

Cha tatu ni sanduku la pamoja, kwa ajili ya wasio na uani, maduka madogo na masoko. Mfumo uliotumika ulibuniwa na watafiti wa mifugo wa Kerala na ukapewa jina la Thumburmuzhi, mahali lilipo shamba lao. Ni sanduku lenye upande wa futi nne, lenye kuta za mianzi, mbao au vipande vya saruji vilivyoachiwa nafasi ili hewa ipite. Chini hutandazwa kinyesi cha ng'ombe, juu yake majani makavu, kisha mabaki ya chakula, na tabaka hurudiwa hivyo hadi sanduku lijae. Baada ya siku 90 hivi, kinachotolewa ni mboji.

Kwa nini sanduku halinuki

Msomaji ana haki ya kuuliza: nani atakubali matumbo ya samaki yaozee kwenye kona ya mtaa wake? Wakazi wa Alappuzha nao waliuliza, na mwanzoni wengi walikataa. Jibu lilitoka kwenye sanduku lenyewe.

Harufu mbaya ni dalili ya kuoza bila hewa. Mabaki mabichi yakishindiliwa peke yake hujaa maji, hewa hukosa njia, na vijidudu vinavyoishi bila oksijeni hushika usukani. Majani makavu hubadilisha hali hiyo kwa njia mbili. Yanaacha matundu ya hewa katikati ya mabaki, na yanaongeza kaboni, ambayo mabaki ya jikoni yana upungufu nayo. Vijidudu vinavyopenda hewa hufanya kazi vizuri pale panapokuwa na kaboni kati ya sehemu 25 na 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Vikipata uwiano huo, joto la ndani hupanda zaidi ya nyuzi 55 za Selsiasi, na joto hilo huua mayai ya nzi, funza na vimelea vingi vya magonjwa.

Kwa lugha ya mtendaji, sanduku likinuka limekosa majani makavu, na likipoa kabla ya wakati limekauka au limekosa mabaki mabichi. Mtu yeyote anaweza kufundishwa kulisoma kwa pua na kwa kiganja. Elimu hiyo ndogo ndiyo inayofanya kona ya mtaa isigeuke jalala jipya.

Kuna hesabu nyingine ambayo miradi mingi ya mboji huikosa. Chukua kaya 40, kila moja ikitoa kilo moja na nusu ya mabaki kwa siku. Hizo ni kilo 60. Tuseme sanduku linabeba tani moja na robo hivi kabla ya kujaa, kwa kuwa mabaki husinyaa kadiri yanavyooza. Litajaa kwa siku 20, kisha litahitaji siku 90 za kukomaa. Katika siku hizo 90 mtaa hauachi kula. Kwa hiyo kaya 40 zinahitaji masanduku sita, moja la kujaza na matano yanayokomaa kwa zamu. Mtaa unaojenga mawili na kuyazindua utakwama ndani ya mwezi wa pili, na watu watasema mboji imeshindikana, kumbe kilichopungua ni masanduku manne.

Watu kwanza, na fedha zao

Vifaa hivi vinapatikana popote. Kilichoiwezesha Kerala kuvitumia ni mazoea ya kushirikiana yaliyojengwa miaka mingi kabla. Mwaka 1996 jimbo hilo lilianza kupeleka zaidi ya theluthi moja ya fedha zake za maendeleo moja kwa moja kwenye serikali za mitaa, na wananchi wakakaa mikutanoni kupanga matumizi. Mmoja wa waasisi wa mpango huo, mchumi T. M. Thomas Isaac, ndiye aliyekuwa mbunge wa Alappuzha katika bunge la jimbo wakati wa mgogoro wa dampo. Mwaka 1998 ukazaliwa Kudumbashree, mtandao wa vikundi vya wanawake unaofika karibu kila kitongoji. Kampeni ya usafi ilipofika, mlango ulibishwa na mtu anayefahamika.

Baadaye, chini ya mpango wa jimbo ulioanza mwishoni mwa 2016, vilianzishwa vikosi vya wanawake viitwavyo Haritha Karma Sena. Wanazungukia nyumba kuchukua plastiki na taka nyingine kavu, safi na zilizotengwa, na kaya hulipa ada. Hawabebi mabaki ya jikoni. Mpaka huo ni muhimu: kaya inajua kwamba kinachooza hakuna atakayekuja kukichukua, na mkusanyaji anajua kwamba anachobeba kinauzika na hakitamchafua.

Mpango huu una udhaifu wake. Mitambo ya gesi huhitaji fundi wa karibu, na pasipokuwa na fundi hugeuka matangi matupu. Masanduku ya pamoja huhitaji mtu anayelipwa kuyapanga tabaka, kwa sababu kazi ya kila siku haiwezi kubebwa na wema wa kujitolea peke yake. Majani makavu nayo lazima yatafutwe na kuhifadhiwa kabla ya masika. Haya yote ni gharama, na anayeahidi mtaa safi bila bajeti anawadanganya watu wake.

Tunachoweza kufanya hapa

Kwetu sheria hazikosekani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka kinachooza kitengwe na kisichooza. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, na Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Mifano ya mtaani pia ipo: katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio na wakazi wamejenga mfumo wa kutenga taka nyumbani na kuzikusanya kwa ushirika. Nguvu ya watu nayo ipo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Watanzania hutoka kufanya usafi, na Wanyarwanda hutoka kwenye umuganda, kazi yao ya pamoja ya jamii.

Kinachokosekana ni kuielekeza nguvu hiyo kwenye chanzo. Kufagia mtaa na kulundika taka pamoja kunasubiri gari, na gari lisipofika mbwa na mvua vinazirudisha zilikotoka. Saa hizo hizo za Jumamosi zinaweza kutumika kupima. Kaya 40 zikubaliane kutenga kwa wiki moja tu, ndoo moja ya kinachooza na gunia moja la kikavu, na kupima uzito wa kila kimoja kwa mizani ya dukani. Mkutano wa mtaa ukiwa na takwimu zake wenyewe utajua unahitaji mabomba mangapi, masanduku mangapi, na ni nani alipwe kuyatunza.

Jambo la mwisho liko mikononi mwa halmashauri. Mkandarasi anayelipwa kwa tani au kwa safari hupata zaidi kadiri taka zinavyoongezeka, na hakuna mtu anayepigania kupunguza mkate wake. Mkataba unapaswa kulipia taka zisizofika dampo: kilo za mabaki zilizogeuzwa mboji na kilo za plastiki zilizouzwa. Sehemu ya ada ambayo kaya inalipa ibaki mtaani, imlipe mama anayepanga tabaka za sanduku na fundi anayerekebisha mtambo. Diwani anayetaka kujua kama kata yake inasonga mbele asihesabu magari aliyonayo. Aulize ni tani ngapi mwezi huu hazikuhitaji gari.